Elimu ya Lazima na Lugha Isiyoeleweka

Katika shule za sekondari za umma nchini Tanzania kuna jambo linalotendeka kila siku ya masomo, nalo limezoeleka kiasi kwamba watu wachache hulitilia maanani. Ukutani au penye lango huwa pameandikwa amri ya kuwataka wanafunzi wazungumze Kiingereza tu wawapo katika eneo la shule, ilhali darasani mwalimu huandika maelezo ubaoni kwa Kiingereza, kisha hugeuka na kuyafafanua kwa Kiswahili, kwa kuwa anajua fika kwamba asipofanya hivyo hakuna atakayeambulia kitu. Wanafunzi hunakili kilichoandikwa na kusikiliza kilichosemwa, na vitu hivyo viwili hukaa mbalimbali vichwani mwao. Siku mthibiti ubora wa shule anapoingia darasani, Kiswahili hukoma, na maswali na majibu hukoma pamoja nacho. Baada ya miaka minne ya mafundisho ya namna hii, mtahiniwa hupewa mtihani ulioandikwa kwa Kiingereza peke yake, kana kwamba ile sehemu ya somo aliyoielewa haikuwahi kufundishwa.

Makala haya yanashikilia kwamba dola inayomlazimisha mtoto kukaa darasani kwa miaka kumi ina wajibu wa kumfundisha miaka hiyo yote kwa lugha anayoielewa, na kwamba kwa sababu hiyo Kiswahili kinapaswa kuwa lugha ya kufundishia katika shule za umma mpaka mwisho wa kidato cha nne. Lugha ya kufundishia ni ile ambayo kwayo masomo yote hutolewa, vitabu huandikwa na mitihani hutungwa. Ni tofauti kabisa na lugha inayofundishwa kama somo, na mjadala mrefu wa elimu nchini umekuwa ukivurugika kila mara mambo haya mawili yanapochanganywa. Anayetaka Kiswahili kitumike kufundishia Fizikia hajasema kwamba Kiingereza kisifundishwe. Kinyume chake, anaweza kutaka kifundishwe vizuri zaidi kuliko sasa.

Mwaka uliopunguzwa

Suala hili ni la zamani, lakini mageuzi yanayoendelea yamelipa uzito mpya ambao haujazungumzwa vya kutosha. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la mwaka 2023, iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwanzoni mwa mwaka 2025, imeweka elimu ya lazima ya miaka kumi, yaani miaka sita ya shule ya msingi na minne ya sekondari ya chini, badala ya ile saba ya msingi iliyozoeleka kwa vizazi. Ni uamuzi mkubwa na wa heri, kwa kuwa unamwondoa mtoto wa miaka kumi na mitatu katika hali ya kuambiwa kwamba safari yake ya shule imeishia hapo. Lakini sera hiyohiyo imekibakiza Kiswahili katika elimu ya msingi na Kiingereza katika sekondari. Matokeo yake ni kwamba mpaka wa lugha umesogezwa nyuma kwa mwaka mzima: mtoto aliyekuwa akikutana na Kiingereza kama lugha ya kufundishia baada ya kusoma miaka saba sasa atakutana nacho baada ya miaka sita, akiwa mdogo zaidi na akiwa na msingi mfupi zaidi wa kila somo.

Mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024 katika baadhi ya madarasa, likiwemo darasa la tatu. Hesabu yake ni rahisi. Watoto walioingia darasa la tatu mwaka huo watamaliza darasa la sita mwaka 2027, na waliokuwa darasa la nne, ambao wanaendelea na mfumo wa zamani, watamaliza darasa la saba mwaka huohuo wa 2027, ili makundi yote mawili yaingie kidato cha kwanza kwa pamoja Januari 2028. Viongozi wamekwisha kuzungumza kuhusu madarasa na madawati yatakayohitajika kuupokea umati huo, na ni haki yao kuzungumza hivyo. Je, ni nani aliyezungumza kuhusu lugha ambayo kwayo umati huo utafundishwa? Darasa lililojaa wanafunzi mara mbili, wengi wao wasioweza kufuatilia sentensi tatu za Kiingereza, mbele ya mwalimu mmoja ambaye naye alipita katika mfumo huohuo, haliwezi kuokolewa na matofali.

Tena, lipo badiliko jingine lililofichika ndani ya neno "lazima". Zamani mtihani wa darasa la saba ulikuwa kichujio. Waliovuka kwenda sekondari walikuwa wale ambao mfumo uliwaona wanaweza kuhimili, na waliobaki waliachwa mikononi mwa wazazi wao. Elimu ikiwa ya lazima kwa miaka kumi, kichujio hicho hakina tena nafasi, na kila mtoto, awe mwepesi au mzito wa kushika, awe wa mjini Arusha au wa kijiji cha ndani ya Kilwa, atavushwa. Sera inayomvusha kila mtoto lazima ijiulize inamvushia wapi.

Lugha iliyochaguliwa kwa ajili ya wachache

Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za Serikali mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha na wa waraka wa Mwalimu Julius Nyerere kuhusu Elimu ya Kujitegemea. Wengi wa waliokuwa wakifuatilia mambo hayo walitarajia kwamba sekondari nayo ingefuata. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta, ambayo ilitoa ripoti yake mwaka 1982, ilipendekeza waziwazi kwamba Kiswahili kianze kutumika kidato cha kwanza mwaka 1985 na kifike vyuo vikuu mwaka 1992. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Kiingereza, Criper na Dodd, waliichunguza hali ya lugha hiyo katika shule za Tanzania na kukuta kwamba ilikuwa imedhoofika kiasi cha kutofaa kuitwa lugha ya kufundishia, lakini badala ya kupendekeza iondolewe, walipendekeza iimarishwe, na mradi wa kuiimarisha ukaanzishwa kwa msaada wa Uingereza. Ugonjwa uliotambuliwa miaka arobaini iliyopita ungalipo, na dawa inayoandikwa ni ileile.

Kwa nini jambo lililoonekana wazi kiasi hicho liliahirishwa? Sehemu ya jibu ni kwamba sekondari ya wakati ule ilikuwa ya watu wachache mno. Taifa lilikuwa na shule chache za sekondari, nyingi za bweni, zilizopokea wanafunzi waliochujwa kwa ukali na kuishi pamoja kwa miaka kadhaa wakizungukwa na vitabu na walimu wao. Katika hali hiyo mtu angeweza kudai, hata kama alikosea, kwamba Kiingereza kingejengeka. Hali hiyo haipo tena. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, ujulikanao kwa ufupi kama MMES, ulioanza mwaka 2004, ulizaa shule za kata, yaani sekondari za kutwa zilizojengwa kwa nguvu za wananchi katika kila kata, na watu wakazibatiza jina la "yeboyebo". Januari 2016 ada ilifutwa mpaka kidato cha nne. Milango ilifunguliwa, na ilistahili kufunguliwa, lakini lugha ya ndani ya nyumba ikaachwa ileile iliyochaguliwa wakati nyumba ilikuwa ya wageni wachache.

Matokeo hayakuchelewa kuonekana. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012 zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja sifuri, hata tume ikaundwa kuchunguza na madaraja yakapangwa upya mwaka uliofuata. Lugha haikuwa sababu pekee ya balaa lile. Uhaba wa walimu, wa vitabu na wa maabara ulichangia sana, na haitakuwa haki kuuficha. Hata hivyo, mtu ajiulize: mtahiniwa asiyeielewa sentensi ya swali angesaidiwaje na maabara?

Sera ya mwaka 2014, katika maandishi yake ya awali yaliyozinduliwa Februari 2015, ilionekana kulipokea somo hilo, kwa kuwa ilitamka kwamba Kiswahili kitumike kufundishia katika ngazi zote. Ilikaa miaka minane bila utaratibu wa kulitekeleza tamko hilo, kisha toleo la 2023 likarudi nyuma. Usiache mbachao kwa msala upitao, wahenga walionya. Hapa mbacha uliachwa kabla haujatandikwa.

Kipenyo, mzingo na usanisinuru

Hasara ya kubadili lugha katikati ya safari huonekana vizuri zaidi mtu anapoichunguza katika jambo dogo. Mtoto wa darasa la sita anajua kwamba kipenyo ni mstari unaokata duara katikati kutoka ukingo hadi ukingo, anajua kwamba mzingo ni urefu wa kulizunguka duara hilo, na anaweza kukokotoa kimoja kutokana na kingine. Januari inayofuata anakutana na duara lilelile likiwa na majina mengine, na kwa kuwa hakuna anayemwambia kwamba ni duara lilelile, hulisoma upya kama kitu kigeni. Kwa wiki chache hupewa kozi fupi ya Kiingereza ya kumwandaa, kisha anaanzishiwa masomo yake yote kwa lugha hiyo. Miaka sita ya hesabu na sayansi inawekwa kando kama mzigo uliosahaulika stendi.

Hali kadhalika mtazame usanisinuru, yaani namna mmea unavyojitengenezea chakula kwa kutumia mwanga wa jua. Ndani ya neno hilo mtoto anasikia "nuru", na akishaelezwa kwamba usanisi ni kuunda kitu kwa kuviunganisha viambato vyake, neno lenyewe linamshika mkono na kumwongoza mpaka kwenye maana. Neno la Kiingereza la jambo hilo, ambalo lina asili ya Kiyunani, halimwambii chochote mtoto wa Nzega au wa Newala. Kwake ni sauti ya kukaririwa. Kukariri ndiko kunakojaza pengo hilo: mwanafunzi hukesha akimeza aya nzima kutoka kwenye daftari, na siku ya mtihani neno moja likimtoroka, aya yote huporomoka nalo. Asiyejua maana haambiwi maana, na hapo ndipo wanafunzi wengi wamefikishwa bila kosa lao.

Wapo wanaokumbusha, na wanakumbusha kweli, kwamba hata Kiswahili si lugha ya kwanza ya kila mtoto wa Kitanzania. Mtoto wa Kimasai wa Simanjiro, wa Kisukuma wa Bariadi au wa Kihadzabe kandokando ya Ziwa Eyasi huenda akaingia shule akiwa na Kiswahili kidogo tu. Ukweli huo unaitia nguvu hoja ya makala haya. Mtoto huyo amekwisha kuvuka mto mmoja alipoanza darasa la kwanza, na amevuka kwa sababu ng'ambo ya pili alikuta lugha inayosemwa sokoni, redioni, zahanati na katika mikutano ya kijiji, lugha ambayo mazingira yote yanamsaidia kuijua. Mto wa pili anaovushwa miaka sita baadaye hauna msaada wa namna hiyo.

Kaya inayolipa mara mbili

Gharama ya mpaka huu haikai shuleni tu. Inafika nyumbani, na huko ndiko inakouma zaidi. Mzazi aliyehitimu darasa la saba, ambaye ndiye mzazi wa kawaida katika vijiji na mitaa mingi, anaweza kulikagua daftari la mwanawe wa darasa la nne, akamuuliza maswali na kumsahihisha. Mtoto akiingia kidato cha kwanza, daftari hilo linafungwa mbele ya macho ya mzazi. Anachoweza kukagua ni usafi wa sare na alama nyekundu za mwalimu, na mamlaka yake ya malezi, ambayo sera zote husema yanahitajika katika elimu, yanapungua wakati uleule mtoto anapoingia katika umri mgumu.

Mwenye uwezo kidogo hujikwamua kwa fedha. Tangu masoko ya elimu yalipofunguliwa katika miaka ya 1990, shule binafsi za mchepuo wa Kiingereza zimeenea kutoka mijini hadi katika miji midogo, na hata Serikali ina shule zake chache za msingi za mchepuo huo, Olympio ya Upanga jijini Dar es Salaam ikiwa mojawapo. Shule za kawaida za umma zimebaki zikiitwa "Kayumba", jina lenye uchungu ambalo watoto wenyewe hulitumia. Familia zinauza ng'ombe, zinakopa kwenye vikoba, zinaahirisha kuezeka nyumba ili mtoto mmoja kati ya wanne apelekwe mchepuo wa Kiingereza, na waliobaki Kayumba hutafutiwa tuisheni jioni kadiri fedha inavyoruhusu. Ada imefutwa, lakini lugha imekuwa ada nyingine isiyoandikwa popote. Watoto wa pande zote mbili watafanya mtihani uleule wa kidato cha nne, kwa lugha ambayo mmoja ameizoea tangu chekechea na mwingine ameianza juzi. Huko ni kuwashindanisha mbio wakati mmoja amefungwa kamba miguuni.

Hasara ya tatu haina bei lakini ni kubwa. Elimu ambayo mtoto ameikariri kwa lugha asiyoimiliki haiwezi kurudi nyumbani. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafundisha watu wazima vijijini, kwa redio na vikundi vya kusoma, namna magonjwa yanavyoenea na namna ya kuyazuia, na kwa kuwa yote yalisemwa kwa Kiswahili watu walielewa, wakachimba vyoo na kufyeka majani kandokando ya nyumba zao. Leo kijana wa kidato cha nne aliyefundishwa Biolojia ya kina kuliko ile mara nyingi hawezi kumweleza mama yake kwa nini dozi ya dawa imalizwe hata baada ya homa kushuka. Swali hilo litaukabili pia mkondo mpya wa amali, ambao unakusudia kumpa mwanafunzi wa sekondari stadi za kazi: je, atafundishwa kwa lugha ya kitabu au kwa lugha ya gereji na karakana, ambako fundi na mteja wake huelewana kwa Kiswahili?

Kiingereza kinachotakiwa na wazazi

Hoja nzito zaidi ya upande wa pili ni kwamba dunia inazungumza Kiingereza. Mwalimu Nyerere mwenyewe, ambaye hakuna awezaye kumshuku katika mapenzi yake kwa Kiswahili, alikiita Kiingereza Kiswahili cha dunia. Wazazi wanakitaka kwa sababu wameona nani anaajiriwa na nani anaachwa, na kuwabeza kwa kusema wana kasumba ya kikoloni ni kuwakosea adabu watu wanaopigania riziki ya watoto wao. Lakini wanachokitaka wazazi ni mtoto anayejua Kiingereza. Je, wanampata? Miaka minne ya kusikia Kiingereza kibovu katika vipindi vya Jiografia na Kemia haijawapatia wahitimu wengi uwezo wa kuandika barua ya kuomba kazi, na papo hapo imewanyima Jiografia na Kemia. Mshika mbili moja humponyoka. Hapa zimeponyoka zote.

Lugha ya kigeni hufundishwa na mwalimu aliyeiva katika lugha hiyo, kwa vitabu vya kusoma kwa raha, kwa vipindi vingi na kwa mazoezi ya kuzungumza. Mtaala mpya umeanza kukifundisha Kiingereza mapema zaidi katika shule ya msingi, na hiyo ni hatua njema ikiwa itaambatana na walimu wanaokimudu. Fedha na nguvu zinazotumika kujifanya kwamba kila mwalimu wa Hisabati ni mwalimu wa Kiingereza zingeelekezwa kwa walimu wa Kiingereza wenyewe, wazazi wangekipata wanachokitamani.

Hoja ya upungufu wa istilahi, yaani maneno ya kitaalamu, haihitaji maelezo marefu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilichapisha kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lipo tangu 1967. Na mwaka 2021 Bunge lilipitisha marekebisho ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, eneo ambalo kwa muda mrefu lilidaiwa kuwa gumu kuliko yote. Lugha inayoweza kumhukumu mtu kifungo inaweza pia kumfundisha mtoto kanuni za mwendo.

Njia iliyokwisha kuanzwa

Mageuzi haya hayahitaji kuanza kwa kishindo, na wala hayaanzi kutoka patupu. Sekondari iliwahi kufundisha Siasa kwa Kiswahili kabla somo hilo halijageuzwa kuwa somo la Uraia linalofundishwa kwa Kiingereza katika miaka ya 1990, na sasa somo la Historia ya Tanzania na Maadili linafundishwa kwa Kiswahili, kwa vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania. Somo moja likiwezekana, la pili linawezekana. Baraza la Mitihani nalo tayari hutunga mitihani ya Hisabati na Sayansi ya darasa la saba kwa lugha mbili, ili watoto wa mchepuo wa Kiingereza wasidhulumiwe kwa kujibu kwa lugha wasiyosomea. Huruma hiyo waliyopewa watoto wa wenye uwezo ndiyo inayoombwa kwa watoto wa Kayumba: karatasi ya mtihani wa kidato cha pili na cha nne ichapishwe kwa lugha zote mbili, na mtahiniwa aachiwe ajibu kwa ile anayoimudu. Hatua hiyo moja, isiyohitaji jengo wala ajira mpya, ingemwondolea mwalimu hofu ya kufafanua kwa Kiswahili, ingewapa waandishi wa vitabu sababu ya kuviandika, na ingeipa nchi nafasi ya kuona kwa macho yake nini kinatokea mtoto anaporuhusiwa kusema anachokijua.

Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia iutumie muda uliobaki kabla ya Januari 2028 kufanya angalau hilo. Watoto watakaoingia kidato cha kwanza mwezi huo si wa kufikirika; wamekwisha kuandikishwa, majina yao yamo katika madaftari ya mahudhurio, na kila wanachokijua hadi leo wamekijua kwa Kiswahili.